Shahidi wa Pili

Dawati la Jinsia, Urambo, lina mguu mmoja mfupi;
koplo ameutilia kipande cha tofali.
"Jina?"
Nyamizi analitaja polepole
kama anayesubiri mizani ya chama cha msingi itulie.
Tumbaku walilima wawili,
hela akala mmoja,
na alipouliza hesabu
akajibiwa kwa ufito wa bani.

PF3 ina nafasi finyu.
Daktari kaandika: mkono, kushoto.

"Shahidi?"

Hapo kiti changu kikalia.
Mimi jirani. Ukuta wetu ni mmoja,
na tofali bichi halizibi kitu.
Misimu mitatu niliongeza sauti ya redio,
nikasema ya ndani hayo,
nikasema asubuhi watasalimiana.
Na kweli, walisalimiana.

Koplo ananigeuzia karatasi.
Sheria ina vifungu, ina namba, ina mhuri.
Masikio haina.
Leo imekuja kuazima yangu.

Kalamu inagoma. Naikung'uta, naipulizia,
Nyamizi ananishikia karatasi
kwa mkono ule mzima,
naandika yote, bila kufupisha:
Milembe binti Kasubi.
Nilisikia.
Nilisikia tangu mwaka juzi.