Inchi Mbili

Kariobangi, kibanda cha tatu baada ya wachomeleaji,
saa mbili asubuhi, udongo umelewa oili tangu jana.
Ogweno anachuchumaa na tepu ya fundi cherehani,
kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi:
mbele, hamsini na moja,
nyuma, hamsini na sita.
Anaandika kwa chaki kwenye mlango wangu.
Mlango wa mama, nilitaka kusema.

Pikapu hii imeinamisha pua siku zote,
kama mtu anayetafuta shilingi aliyoiangusha.
Kule Kilimani ninakoiegesha
mlinzi huniuliza kama nimefunga breki ghafla.
"Nataka ilale sawa," namwambia fundi.
"Isimame sawa," ananisahihisha.
"Kulala ni jambo jingine."

Jeki, halafu stendi, halafu teke moja la kupima:
Ogweno haamini chuma ambacho hajakitukana.
Gurudumu limetoka. Nati tatu za juu zimekubali.
Bolti ya chini imegoma.
Anaimwagia dizeli, anaiacha ifikiri,
anakunywa chai yake bila haraka,
mgongo wake ukiipa bolti heshima.

Vile vipande vya alumini alivikereza Mulandi,
vina mistari ya mviringo kama santuri,
vinang'aa mno kwa giza vinakokwenda.
Navipima kwa kidole. Inchi moja!
Mimi nimelipia mbili.
Ogweno hacheki. Ananyoosha mkono wake wenye grisi:
"Tazama. Hapa karibu na bega nasogeza kidogo,
kiganja kule kimekwenda mara mbili.
Shokapu imeshika karibu na bega.
Gurudumu ni kiganja."

Kisha, akiwa chini, sauti ikitoka kwenye chuma:
"Lakini dada Syombua, hii gari hubeba nini?"

Mama alibeba kokoto.
Mlolongo hadi Ruai, Mlolongo hadi Njiru,
kokoto za watu waliojenga chumba kimoja
wakangoja miaka minne kujenga cha pili.
Wengine walimlipa kwa kuku.
Mmoja bado hajamlipa, na mazishi alikuja.
Sikuwahi kuuliza kwa nini nyuma pako juu.
Palikuwa juu kwa sababu palingoja.
Tani ikipanda, tako linashuka, pua inainuka,
na pikapu inanyooka kama mstari wa daftari.
Mimi nimeirithi tupu,
nikaiona tupu, nikaiita kasoro.

"Nauliza," anasema Ogweno, "kwa sababu
nikikuinulia mbele, halafu ukapakie mawe,
taa zako zitamulika mwewe."
"Haibebi kitu."
"Kitu chochote?"
"Kompyuta. Mimi."
Kimya. Spana ikazunguka robo,
bolti ikatoa mlio mmoja mfupi
na ikaachia.

Mchana tunapima tena.
Hamsini na sita, hamsini na sita.
Anatafuta kitambaa afute chaki mlangoni;
namwambia aiache, mvua itajua la kufanya.
Chini ya fremu, pale jeki ilipotikisa,
imeanguka kokoto moja, ya kijivu, ndogo kama jino.
Naiokota. Ogweno anajifanya anahesabu spana.

"Usukani utavuta kushoto," ananionya,
"mpaka upeleke magurudumu yakanyooshwe.
Usiende mbali leo."
Kwa hiyo naendesha Outering polepole,
gari sawa kabisa, usukani umepinda,
mikono yangu ikishikilia uongo mdogo
ili tuende moja kwa moja.

Karibu na Donholm kuna lundo la kokoto,
na mwanamke juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula mahindi.
Nasimama. Nateremsha kioo.
Tani ni pesa ngapi?
"Unajenga wapi?"
Sijengi, mama. Nauliza tu.
Anainuka, anaizunguka pikapu yangu,
anaigonga tako kwa kiganja,
anasema, "Hii itabeba."