Barua kwa Mchopozi

Alhamisi ndiyo siku yangu.
Bi Evanthia hubaki na bintiye,
nami nashuka ngazi za Omonia
na mshahara wa mwezi ndani ya soksi ya kushoto,
mguu mmoja mzito kuliko mwenziwe.

Mwaka wa kwanza nilichopolewa mara mbili.
Mara ya kwanza sikuhisi kitu:
mlango ulifunguka, watu wakamwagika, watu wakajaa,
mwanamume mmoja akaniuliza saa,
na mkoba wangu ukawa umepasuliwa kwa wembe,
mstari umenyooka kama wa fundi cherehani.
Mara ya pili nilihisi, nikanyamaza.
Kigiriki changu kilikuwa hakijafika kwenye neno "mwizi".

Wenzangu wa Kutaisi wana elimu yao.
Nazibrola hushona noti kwenye pindo la sketi.
Lamara hashiki nguzo, hukumbatia begi
kama mtoto mwenye homa.
Usisimame mlangoni. Usisinzie.
Anayekusukuma siye anayekuibia,
mtazame aliyetulia.
Simu usiitoe, hata akipiga mama.

Mimi nikanunua pochi ya pili,
nyekundu, ya plastiki, euro mbili pale Monastiraki,
nikaitia mfuko wa nje wa koti, kichwa kikichungulia.
"Ikiwa tupu ataijua kwa uzito,"
akasema Bi Evanthia kutoka kitandani. "Tia karatasi.
Na karatasi isiwe tupu."

*Mpendwa mwizi. Mimi jina Tsiala.
Mimi kufua, kupika, kugeuza mgonjwa saa nane usiku.
Pesa hapa hakuna. Mkono wako baridi?*

Bi Evanthia, miaka thelathini mwalimu wa shule huko Volo,
alivaa miwani, akadai kalamu nyekundu.
"Hapa hakuna anayefua," alisema.
"Kitenzi kimekosa mwenyewe. Ninafua. Ninapika. Ninageuza."
Akanionyesha pia kwamba swali, kwao,
huishia kwa nukta na mkato,
kama kwamba jibu liko njiani.

Basi kila Jumatano usiku, barua moja.
Nilimweleza mwizi habari za theluji ya kwetu,
za mitungi ya divai ambayo baba aliifukia ardhini,
za Rezo wangu anayekulia ndani ya kioo cha simu,
ambaye juzi nimemwona na ndevu.
Wakati uliopita nilijifunza kwa ajili yake,
kisha wakati ujao, ambao ulinishinda kwa muda mrefu.
Nilimuuliza kama hulipa nauli.
Nilimuuliza kama ana mama.

Miezi kumi na mmoja hakuna aliyeigusa.
Treni ilijaa, tulibanana mpaka nikajua
nani amekula vitunguu, nani ameoga,
nami narudi na pochi yangu.
"Je?" huuliza Bi Evanthia.
"Bado."
"Wezi wa siku hizi ni wavivu."

Machi, kati ya Thisio na Petralona,
mfuko wa nje ukawa mwepesi.
Sikugeuka. Nilihesabu vituo hadi Pireo,
nikampa dereva wa basi dogo kifurushi cha Rezo,
kahawa, mafuta ya zeituni, viatu namba arobaini na tatu,
nikarudi mbio kama mwenye kufaulu mtihani.

"Imechukuliwa!"
Bi Evanthia akapiga makofi, akakohoa, akapiga tena.
Nilivua kiatu, nikavua soksi:
pesa zilikuwepo, zina joto, zimekunjika.

Kisha akanyamaza.
"Ni ile ya jana? Ya jana usiku,
nilipokuwa na kifua, sikuisoma?"
"Ndiyo hiyo."

Akaitafuta kalamu nyekundu juu ya shuka,
akaishika bila kuiandikia kitu.
"Ole wangu, Tsiala," akasema.
"Atadhani sikukufundisha."