Kidole Kimoja cha Tope

Fuso ya Cirhuza ilipanda kutoka Ruzizi alfajiri,
ikikohoa kwenye kona ya Essence,
ikamwaga mzigo mbele ya shantie yetu
kabla sijamaliza chai.
"Mchanga ni mchanga, mama fundi. Tia saini niende."

Sikutia saini.
Nilichota konzi moja, nikaifumbata, nikaifumbua:
kiganja kikabaki na rangi,
kama cha mtu aliyemenya binzari mbichi.
Mchanga wa mto haumwachii mtu rangi.
Huu ulikuwa na kilima ndani yake.

Nikatwaa chupa ya jusi, ile yenye ubavu mnyoofu,
mchanga hadi nusu, maji, chumvi ncha ya kijiko,
nikaitikisa kama kibuyu cha maziwa kule Walungu,
nikaisimamisha juu ya tofali.
Tunangoja, Cirhuza.
"Hadi lini?"
Hadi maji yaseme.

Vijana wakacheka.
Zihindula, aliyenifundisha kushika mwiko, hakucheka.
Alikuwa akisugua punje kati ya vidole, karibu na sikio,
asikie kama zinakwaruza.
"Punje za saizi moja," alisema,
"ni kikao cha wakubwa watupu.
Nani atakubali kukaa kwenye mianya?
Ukuta unataka nene, unataka wastani,
na ile ndogo ya kuziba pengo.
Unga mtupu hunywa maji, hunywa saruji,
ukikauka unapasuka na kukulaumu wewe."

Saa tatu zikapita. Chupa ilikuwa na ghorofa mbili:
chini mchanga, vidole vitano;
juu yake tope, kidole kizima,
laini kama uji wa mtoto.
Karatasi ya kanuni, pale mlangoni mwa stoo,
karibu na kalenda ya parokia,
haikubali hata nusu ya kidole hicho.

Hii ni nyumba ya kuzalia, Cirhuza.
Wanawake wataegemea kuta hizi.

Akaupakia tena, beshi kwa beshi,
akinitukana kwa Kishi polepole
ili nisikose neno.
Nami nikajisifu mchana kutwa.

Jioni Nsimire wa makaa akaniambia:
ile Fuso haikurudi mtoni.
Ilipanda Cimpunda, ikamwaga palepale, kwa nusu bei,
kwa mjane M'Lubala, anayeinua chumba cha pili
kwenye mteremko ambao kila mvua inaumega.

Niliukataa mchanga.
Sikuuzuia.

Najua nyumba za namna hiyo. Nalala ndani ya moja.
Marehemu wangu alichimba nyuma ya choo
akaita alichokipata mchanga,
na usiku, usingizi ukigoma,
naweka ukucha kwenye kiungo cha matofali
kinatiririka hadi kwenye shuka.
Hakuwa mvivu. Hakuwa na chupa tu,
wala wa kumwambia angoje.

Basi nikapanda. Ngazi za utelezi,
mwanga wa simu kwenye meno, chupa kwapani.
M'Lubala akafungua, akaona wingu ndani yake.
"Umeniletea maziwa?"

Nikamweleza. Nikatikisa, tukakaa.
Mifuko mitatu ya saruji imeegemea kitanda,
mmoja mdomo wazi.
Wingu likashuka taratibu, kama mtu anayetafuta pa kulala,
na kidole kile kikajitokeza tena, bila haya,
mbele ya macho yake.

Hakuuliza habari ya pesa. Aliuliza:
"Ukioshwa?"
Karai kwa karai, mama. Unakoroga, unamwaga,
mara tatu, hata nne,
hadi maji yatoke maangavu.
"Maji," akasema.

Bomba la Cimpunda lilikuwa kavu tangu Jumapili.
Aliyatazama madumu mawili yaliyobaki mlangoni,
la kupikia na la kuogea watoto.
Kisha akakaza kikwembe kiunoni,
akavuta lile la kuogea.
"Shika mwanga," akaniambia.