Sekunde Tatu

Ilianza na mkwaruzo.
Uwanja wetu wa Makorora una kokoto upande wa shule;
niliangukia goti nikigombea mpira na binti wa Pongwe,
nikatema mate, nikapaka, nikaendelea kulinda goli.
Mchubuko gani huo wa kumtoa mtu mzima uwanjani?

Jumanne mguu uling'aa kama papai.
Jumatano ukawaka.
Alhamisi sikujua kama ni Alhamisi.
Daktari wa Bombo alisema usaha umefika mfupani,
vijidudu vimeingia damuni,
na alipokuwa akisema alimtazama mama,
hakunitazama mimi.

Walinipasua mara mbili.

Wa kwanza kuja alikuwa Mwantumu, kapteni,
mikono bado inanukia iliki ya vitumbua.
Hakuuliza najisikiaje.
Alifungua daftari la mahudhurio ya mazoezi,
akapiga mistari:
usiku wa Kibibi, usiku wa Saumu,
usiku wa Perpetua Semvua, mwenye mapacha wachanga,
naye akaja hivyo hivyo, maziwa yakilowesha blauzi,
akatandika kanga sakafuni,
akalala mkono umeshika chuma cha kitanda changu.
Dawa ilikuwa kila baada ya saa sita,
nesi mmoja, wodi nzima.
Saa tisa za usiku nilisikia kandambili zao
zikienda kumwamsha.

Netiboli ina sheria niliyoichukia tangu shuleni:
ukishika mpira, hutembei nao.
Sekunde tatu, uwe umeshampa mwenzio.
Siku ya kubadilisha bandeji niliuma shuka,
nikajitia uanaume.
Perpetua akanitoa shuka mdomoni.
"Moja," akasema. "Mbili."
Kwenye tatu nililia
mpaka walinzi wa getini wakasikia.

Jumamosi walicheza Pongwe bila mimi,
wakaja jioni na vumbi miguuni.
"Thelathini na moja kwa tisa," Mwantumu alisema,
"na kosa ni lako."
Saumu, anayejiona malenga,
aliniachia karatasi chini ya mto:

*Mlinzi umejilaza, goli limebaki peke,*
*Pongwe wanatuchakaza, watufunga watucheke,*
*Dawa zote ukimeza, usilie, usideke,*
*Ukichelewa kucheza, jezi yako tuiweke?*

Nilicheka, nyuzi zikavuta, nikalaani ukoo wake.

Kibibi yeye alisimama mlangoni na chungwa la Muheza.
"Shika!"
Likagonga chupa ya dripu, likabingirika
hadi kwa bibi wa kitanda cha nne,
akalimenya, akala, akasema ahsante.
Kesho yake, jingine. Nalo akala bibi.
Wiki ya tatu nililidaka kwa mkono mmoja,
na bibi akanuna.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani na gongo la kuazima.
Goti halikunji sawasawa;
kuswali naswali juu ya kiti,
na mvua ikikaribia najua kabla ya kuku.
Nilipofika uwanjani kutazama,
timu iliingia na jezi zile zile za zamani,
namba zimebanduka, ya Saumu imetoboka kwapani.
Miezi saba tulichanga elfu mbili mbili
kwa ajili ya jezi mpya za rangi ya zambarau.
Nikafungua mdomo niulize.
Kisha nikakumbuka ile dawa
iliyokosekana hospitali
ikapatikana usiku ule ule.

Nikafunga mdomo.

Kipindi cha pili mpira ulitoka nje,
ukadunda mara mbili, ukanijia pale kwenye benchi.
Niliudaka. Ulikuwa na joto la mikono yao.
Wote walisimama wakinitazama,
hata wale wa Pongwe.
Nilikaa nao sekunde nne,
labda tano.

Hakuna aliyepuliza filimbi.