Mfereji Haunywi Maji

Barua haikuletwa na mtu wa posta.
Iliingia alfajiri, kwenye simu,
baina ya tangazo la mnada wa sufuria
na mtu aniombaye salio.
"Mpendwa Mlipakodi."
Mpendwa! Tangu Famau anipe talaka
hakuna aliyeniita hivyo kwa maandishi.

Wasema akaunti yangu imepokea
laki nane, elfu arubaini na mia sita,
nami nimetangaza laki mbili.
Wataka kujua zilizosalia ni za nani.
Siku thelathini. Kwa mtandao tu.

Nikafunga duka kabla ya adhuhuri,
nikaenda Mwembe Tayari, kwa Kadzo wa saiba,
na kikapu cha sokoni
kimejaa ushahidi.

Kadzo akakimimina mezani.
Risiti za jora zote, za mtaa wa Biashara,
miaka mitatu ya vitambaa vya sare,
zilikuwa nyeupe.
Joto la Mombasa limelamba wino,
limeacha karatasi laini kama ganda la kitunguu.
"Hizi hazisemi kitu, mamangu."
Nikaziinua kwenye taa moja moja.
Moja ilikumbuka tarehe.
Nyingine ilikumbuka
"Asante, karibu tena."

Basi daftari.
Daftari la chama chetu, jalada la kijani,
ukurasa wa arubaini umegandana kwa samli.
Mwanakombo, elfu tatu, Jumanne.
Nyamvula, elfu tatu kasoro mia mbili, ataleta.
Bi Tatu wa Kuze hajui kuandika, kapiga dole.
Zamu ya Riziki: mabati, nyumba ya Mishomoroni.
Zamu ya Mkawasi: mumewe husafishwa damu
Jumatano na Jumamosi,
tukampa zamu mbili, hakuna aliyenuna.
Na hapa, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
elfu ishirini na saba za sare za madrasa
nilizozichanganya na za chama
nikazisahau.
Kadzo alizitazama, akanitazama.
"Hizi pia?"
Hizi pia. Piga picha.

Mtambo ukakataa: faili ni kubwa mno.
Akazipunguza, ukakataa, akazipunguza tena,
hadi dole la Bi Tatu
likawa doa tu, kama chai iliyomwagika,
na mtambo ukaridhika.

Kisha kisanduku: Maelezo.
Herufi mia na hamsini, nafasi zikihesabiwa.
Nikaanza kumtajia aandike.
Kwamba mwanamke wa chama hafungui akaunti
kwa sababu benki yataka kitambulisho
na kitambulisho ki mfukoni mwa mume.
Kwamba walinichagua mimi kwa kuwa sina mume
na duka langu lina kufuli mbili.
Kwamba pesa zililala kwangu usiku mmoja tu,
na usiku huo mimi sikulala.

"Zimezidi mia nne," akasema Kadzo.
Tukakata. Kufuli zikaenda. Mume akaenda.
Mabati ya Riziki, damu ya yule mgonjwa,
usiku wangu wa macho makavu, vyote vikaenda.
Likabaki hili:

Pesa si zangu. Ni za chama; mimi ni mweka hazina. Elfu ishirini na saba ni zangu, nilizisahau. Tazama daftari.

"Herufi arubaini zimesalia."
Andika: Mfereji haunywi maji.
"Hawa watu wa kodi wataelewa kweli?"
Andika, mwanangu. Nao wana mama zao,
na mama zao wana vyama.

Akabonyeza. Kigurudumu kikazunguka,
feni ikakatika, ikarudi,
nasi tumeshika pumzi kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.
Halafu nambari. Nambari tupu, tarakimu kumi na mbili,
wala si "mpendwa" tena.

"Nikuchapie risiti?"
Nikacheka hadi mteja wa jirani akageuka.
Nikaomba biro.
Nikaiandika ukurasa wa arubaini na moja, kwa kukandamiza,
chini ya mia mbili za Nyamvula
ambazo hadi leo hajaleta.