Njia Sita

Kipande cha kwanza Bohdana hukipigilia.
Bamba la msingi, chuma kisichoshika kutu:
sifuri, sifuri, sifuri. Likae hapo.
Vingine vinaelea kwenye weusi wa skrini,
wenzo, springi, gurudumu la meno, boliti thelathini na mbili,
kila kimoja na njia zake sita za kutoroka:
kwenda mbele, kwenda kando, kupanda,
na kupinduka kwa namna tatu
ambazo hata walevi wa Znojmo hawajazimaliza.

Februari. Dirishani theluji chafu.
Kiwanda cha matango ya siki kinataka mashine ya kukaza vifuniko
kabla matango mapya hayajakaza maganda.

Anabofya tundu, anabofya boliti: mhimili mmoja.
Njia nne kwaheri.
Uso kwa uso: ya tano nayo.
Imebaki moja, kujizungukia papo hapo,
hiyo anaisamehe.
Boliti ikipata kizunguzungu itamtapikia nani?

Sharti la kumi na tisa, wenzo uwe sambamba na reli,
na mti mzima wa majina unageuka mwekundu.
Masharti ya mganga:
usigeuke nyuma, usivuke maji, na urudi ulikotoka.
Anafuta moja. Ambalo silo.
Wenzo unaanguka ndani ya bamba, unatokea upande wa pili
bila kelele, bila mkwaruzo,
kama jini apitaye ukuta.
Anafuta lingine.

Saa tano usiku Vavřinec anaingia na mkate mfukoni,
fundi wa kuunganisha, vidole tisa.
Anatazama, anatafuna.
"Hii ya kule nyuma. Spana itapita wapi?"
Anainua mkono, anautia kwenye kioo
kana kwamba kioo kina kina.
Vidole vinagota.

Bohdana hajibu. Anachukua kalipa baridi,
anampima kiganja: milimita mia moja na nne.
Ngumi pamoja na spana: mia na hamsini na kitu.
Anachora sanduku, analileta kati ya vyuma.
Linagonga kifuniko cha mota.
Anakisogeza kifuniko milimita arobaini
na masharti kumi na manane yanakifuata, kimya,
kama watoto nyuma ya bibi harusi.

Asubuhi, orodha ya vipande:
Bamba. Wenzo. Springi.
Boliti, thelathini na mbili.
Mkono wa Vavřinec, mmoja,
haujapigiliwa.