Jino la Mbele

Saa kumi na mbili nzima nyuma ya kitambaa
napumua kwa mdomo kama mbwa wa juani,
hapa Hull, ambako jua lenyewe ni tetesi.
Maji nanywa kwa kuiba. Ulimi gome.
Na hii harufu inayonirudia puani
ni yangu. Sikuwahi kuijua.

Kikulacho ki nguoni mwako:
jino la mbele lilivunjika Februari,
foleni ya daktari wa meno ni miaka.
Nikalifunika. Nani angeliona?

Leo tumeruhusiwa kuvua.
Bi Muriel wa chumba cha tisa
ananikodolea macho, kijiko hewani:
"Kumbe una mdomo!"

Nacheka. Mkono
unapanda wenyewe,
unakuwa barakoa.